Mkono wa Tatu Kwenye Picha ya Gachau

Gachau wa Murera alikuwa mwasisi kwa miaka tisa, na kazi hiyo haikuwahi kumchosha. Jumapili baada ya kanisa alivaa koti lake la kijivu akaenda Gatongora, akawekewa kiti cha plastiki kando ya uwanja, na vijana wakimaliza kucheza walimletea soda na kumwita guka, yaani babu. Mara mojamoja alitikisa kichwa mtu akikosea, kwa namna ya mtu ambaye angeweza kusema mengi lakini amejizuia. Jioni alirudi kwake Murera kulisha sungura. Kama kuna uasisi mwepesi kuliko huo, mimi bado sijausikia.

Mchezo wenyewe unaitwa waya. Kwa asiyeujua, ni meza ndefu ya wavu wa chuma, ya aina ile ile iliyokuwa ikianikiwa kahawa kabla mashamba hayajageuka kuwa magorofa. Watu wawili husimama, mmoja kila upande, na kupigiana mpira kwa kiganja, na lazima mpira udunde mara moja kwenye waya kabla ya kuvuka. Anayeshindwa kuurudisha, mwenzake anapata debe. Ndiyo, pointi huitwa debe, na atakayefika madebe ishirini na moja kwanza ameshinda. Mashamba yalikwisha, meza zikauzwa kama vyuma kuukuu, lakini vijana wa Gatongora walizichomelea upya nyuma ya maduka, na mchezo ukabaki.

Kisha ukapata chama, na chama ndicho kilicholeta taabu. Chama cha Waya cha Thika na Ruiru kilikuwa na mwenyekiti, makamu wawili, mlezi, msemaji na katibu aitwaye Ngigi. Mpira hakikuwa nao. Kilipouhitaji, kiliwaazima wale vijana. Basi chama hiki kikaamua kujizindua rasmi pale Thika siku ya Jumamosi, mgeni wa heshima aalikwe, na kitolewe kijitabu kizuri cha kurasa nane kuhusu mwasisi. Jumatatu Ngigi alifika Murera akiwa na kompyuta yake ya mapajani na haraka nyingi.

"Mzee, mwasisi bila early life hawezi," alisema, akikataa kiti kwa sababu kilikuwa na manyoya ya sungura. "Watu watauliza ulianzia wapi. Tunataka picha tatu. Moja ya utotoni, moja ya familia, na moja ukicheza waya zamani."

"Ya utotoni sina."

"Kila mtu ako na ya utotoni."

"Wewe ulizaliwa lini?"

"Ninety-four."

"Ndio maana," Gachau alisema.

Kusema kweli alikuwa nayo moja, akaenda kuifukua chini ya kitanda. Ilikuwa picha ya darasa la nne, watoto arobaini na wawili mbele ya ukuta wa mawe, na mwalimu mmoja aliyevaa tai kana kwamba mishahara ya wenzake wanne amelipwa yeye. Ngigi aliuliza Gachau ni yupi. Mzee akaonyesha kichwa kimoja upande wa kushoto ambacho kilikuwa ukungu mtupu, kwa kuwa wakati mpiga picha anabonyeza, Gachau alikuwa amegeuka kuangalia trekta. Ngigi alitazama ule ukungu, akatazama watoto wengine, kisha akachora duara jekundu kumzunguka mvulana mwingine aliyesimama kifua mbele.

"Huyo ni Gathee," Gachau alisema. "Hata chungwa ukimrushia lilikuwa linampiga usoni."

"Lakini ako na sura ya mwasisi. Sasa niambie, mchezo ulikuja kwa akili yako ukiwa na miaka mingapi?"

"Utotoni nilikuwa nachunga mbuzi za mjomba."

Ngigi aliandika kwa dakika nzima. Aliposoma, ilibainika kwamba tangu akiwa na umri wa miaka saba mwasisi alikuwa akirusha mawe kwa kiganja huku akichunga, na kwamba mbuzi walikuwa watazamaji wake wa kwanza. Gachau alitaka kupinga, lakini lile la mbuzi lilimfurahisha.

"Iliyobaki ni picha ukicheza," Ngigi alisema akifunga kompyuta. "Na hiyo si ya mchezo, mzee. Kuna mzee mwingine wa Witeithie anadai ni yeye alianzisha, na huyo ako na albamu mzima. Mwenyekiti amesema mwenye picha ndiye mwasisi. Mpaka Alhamisi jioni."

Hapa sina budi kusema jambo ambalo Gachau mwenyewe hakulisema kwa miaka tisa. Yeye alianza kazi kwenye shamba la kahawa la Gatongora akiwa na miaka ishirini na miwili, karani wa madebe. Wachumaji walikuja na kahawa yao, akapima, akaandika, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi kwenye kiwanda cha kumenyea: fulani, debe tatu, fulani, debe nne. Msimu ulipokwisha na meza zikakaa tupu, mchumaji mmoja Mkamba kutoka ng'ambo ya Thika, Syokau, alifunga matambara ndani ya vipande vya mpira wa baiskeli, akaudundisha huo mpira kwenye waya ili aone utafanya nini. Uliruka. Gachau alikuwa upande wa pili wa meza, akaurudisha. Syokau akaupiga tena. Siku ya tatu walikuwa watu kumi na wawili na sheria nne, zote za Syokau. Gachau alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikojua.

Miaka mingi baadaye mtu wa redio alifika Gatongora akitafuta chimbuko la mchezo, akamkuta Gachau pale kwenye kiti. Mzee akasema, "Ni sisi tulianza." Jioni redio ikasema ni yeye. Alikuwa anakamua ndimu kwenye uji. Aliacha kukamua, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea. Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo alilokuwa akijiambia kila Jumapili akivaa koti.

Sasa alitaka uasisi ule kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu mkewe afariki. Alikuwa mtu wa kawaida kwa miaka sitini, kisha akaonja kuitwa guka na watu wasio wajukuu wake, na ladha ile ilimkaa. Alimpigia binti yake, Nyawira, mwalimu wa shule moja Witeithie, amtafutie picha kwa jamaa.

Nyawira ni mtu wa adabu na haraka. Jumatano asubuhi, dakika tano kabla ya kengele, aliandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Wapendwa, mwenye picha yoyote ya baba, hasa za zamani, tafadhali atume hapa. Pia kama kuna jambo unakumbuka kuhusu maisha yake ya awali. Ni ya kijitabu. Mungu awabariki." Juu yake akaweka picha ya babake akiwa na lile koti la kijivu, akazima simu, akaingia darasani kufundisha hesabu za sehemu.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwetu mtu hutafutiwa picha zake za zamani mara moja tu, na kijitabu ni kimoja tu, na yeye mwenyewe hakisomi. Jibu la kwanza lilikuwa "Poleni sana." La pili, "Haki ya Mungu, juzi tu nilimwona sokoni." La tatu lilitoka kwa Kang'ethe, binamu yake Gachau, mwenyekiti wa kamati za mazishi kwa miaka thelathini, mtu ambaye ameshazika zaidi ya sitini na hajawahi kukosa hema. Yeye aliuliza, "Tunakutana saa ngapi?" akajijibu mwenyewe, "Saa nane," kisha akausambaza ujumbe kwa makundi mengine matano, likiwemo la waliokuwa wafanyakazi wa lile shamba. Kumpigia Gachau simu hakuna aliyefikiria, na ukiwaza vizuri utaona ni kwa nini.

Saa nane Gachau alikuwa nyuma ya jikoni akikatia sungura majani. Alisikia gari, kisha lingine, kisha viti vikishushwa. Alifikiri ni jirani amepata sherehe. Halafu akasikia sauti ya Kang'ethe upande wa pili wa mabati, hatua nne kutoka alipokuwa, ikisema, "Tukae, wapendwa. Gachau alikuwa mtu wa watu."

Alikuwa ameshainua mguu aende kuwasalimu. Lile neno "alikuwa" lilimsimamisha, na lile "mtu wa watu" likamkalisha kwenye ndoo. Maisha yake yote hakuna aliyemwita hivyo. Watu walimwita mbahili, na mara moja chifu alimwita kichwa ngumu. Sasa shangazi mmoja wa Juja alikuwa akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa na sauti tamu kanisani, na Gachau, ambaye mkewe alimkataza kuimba tangu mwaka wa pili wa ndoa, alijikuta anakubali kwa kichwa.

"Na zaidi ya yote," Kang'ethe aliendelea, "huyu ndiye aliunda waya. Dunia nzima inajua. Mimi nilikuwa nikimwambia, ndugu yangu, wewe ni genius."

Kwa miaka tisa Kang'ethe alikuwa akiuita mchezo huo kazi ya watu wasio na shamba. Gachau alisahau majani mkononi. Alijua kwamba lazima atoke, na kila alipotaka kutoka mtu mwingine alisimama na jambo jipya la kumsifu. Kuna watu wamekaa kwenye ndoo kwa sababu mbaya zaidi.

Kisha mlango wa ua ulilia, na sauti ya mwanamke mzee ikaomba nafasi ya kusema kidogo kwa kuwa amesafiri mbali. Gachau aliitambua kabla hajataja jina. Ilikuwa imekwaruza kwa umri, lakini bado ilikuwa haina haraka.

"Mimi naitwa Syokau. Nilifanya kazi na marehemu kwa kahawa, miaka sita. Nimebeba picha, mtaitumia kama itafaa." Karatasi ya nailoni ikasikika ikifunguliwa. "Na niko na neno. Ule mchezo ni mimi nilianza. Ule mpira nilifunga na hii mikono. Huyu alikuwa karani, alikuwa anahesabu tu. Nikasikia kwa redio ati ni yeye, na yeye akanyamaza. Nilikasirika, na si kidogo. Miaka tisa nikiona vijana wakicheza, hata hapo Thika, napita upande ule mwingine. Nilisema siku moja nitaenda kwake nimuulize. Nimechelewa. Sasa amelala, na mimi siwezi kugombana na mtu amelala. Huo mchezo nimemwachia. Mumzike nao."

"Amen," watu wakasema, na Kang'ethe akasikika akimuuliza jirani yake jina linaandikwaje.

Huko nyuma ya mabati Gachau aliona aibu iliyomshika hadi masikio. Kitu alichokuwa amekitaka kwa moyo wote alikuwa amepewa sasa hivi, mbele ya mashahidi na kwa maombi, na sharti lake lilikuwa moja tu: awe amekufa. Alifikiria jambo hilo kwa uzito, nisimfiche. Alihesabu hata siku, kwamba Jumamosi si mbali. Lakini alikuwa karani kwa miaka kumi na nane, na hakuwahi kumwandikia mtu debe la mwingine hata alipoletewa kuku. Alisimama na majani yake, akazunguka ukuta.

Mama mmoja alikaa chini pasipo na kiti. Shangazi wa Juja alianza kuimba, bila kujua anaimba nini. Kang'ethe, pamoja na mazishi yake sitini, hakuwa na utaratibu wa jambo hili, akafungua daftari kuona kama kuna mahali limeandikwa. Syokau peke yake hakusogea. Alikuwa mwanamke mrefu, leso mabegani, picha mkononi. Alimwangalia Gachau kutoka viatu hadi kofia.

"Kumbe uko," alisema.

"Niko."

"Basi nirudishie."

Chai ilinywewa, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa. Jamaa waliondoka mmoja mmoja wakiwa na kinyongo kidogo, maana mtu akishamsifu mwenzake namna ile hupenda sifa zake zisiende bure. Nyawira alikuja saa kumi na moja akikimbia, simu mkononi ikiwa na jumbe mia mbili za pole, akamkuta babake na yule mama kwenye benchi moja, wakitazama picha.

Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na mpiga picha wa kutembea aliyepita shambani mwezi wa tano mwaka wa sabini na tisa. Meza tupu ilikatiza katikati. Kushoto Syokau, msichana, ameinama, mkono umenyooshwa juu ya waya na mpira kiganjani, bangili kwenye kifundo cha mkono. Kulia Gachau, penseli sikioni, mikono miwili imekunjwa kifuani kwa umuhimu wa karani.

"Jumamosi nitasema," Gachau alimwambia. "Mbele ya watu wote. Si kwa kunong'ona."

"Sema, karani. Nitakuja nisikie na masikio yangu." Syokau alikunja leso yake. Kisha akaongeza, kwa haki, "Madebe ni yako. Hayo sikuyafikiria mimi. Siyataki."

Nyawira aliipiga picha ile kwa simu, akamtumia Ngigi na maelezo marefu: mwasisi ni huyu wa kushoto, jina lake Syokau, babangu alikuwa akihesabu. Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Asante sana mwalimu, picha iko fiti. Lakini T-shirt zimeshatoka na sura ya mzee. Nitaona vile nita-adjust."

Alirekebisha, kweli. Jumamosi, kijitabu kilipogawiwa pale Thika, ukurasa wa mbele ulikuwa na Gachau kijana akiwa peke yake. Syokau alikuwa amekatwa. Kazi ilikuwa imefanywa kwenye duka ambalo kwa kawaida huchapa vijitabu vya mazishi, kwa hiyo pembeni kulikuwa na njiwa wanne na mshumaa, mvulana Gathee alikuwa ndani ya duara lake jekundu chini ya kichwa "Maisha ya Utotoni", na ukurasa wa mwisho familia ilimshukuru kila mmoja aliyesimama nayo wakati huu mgumu. Gachau alipindua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Safu ya tatu, Syokau alikuwa ameketi na mkoba magotini.

Walipomwita kwenye kipaza sauti baada ya hotuba saba, alivua kofia.

"Huu mchezo si mimi nilianza," alisema. "Ni yule mama pale, Syokau. Mimi nilikuwa nahesabu."

Kisha mshereheshaji akanyakua kipaza sauti. "Mmesikia hiyo humility? Mwasisi mkubwa namna hii, anasema ati alikuwa anahesabu tu!" Watu wakapiga makofi. Mgeni wa heshima akasimama kupiga makofi, kwa hiyo wote wakasimama. Gachau alikiomba kipaza sauti tena, akarudia maneno yale yale, polepole zaidi, na makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza. Mwenyekiti alionekana akijifuta macho. Inaudhi sana kukiri kosa mbele ya watu waliokwisha kuchapisha fulana.

Gachau alirudi kukaa akiwa amenyong'onyea. Hakuthubutu kutazama safu ya tatu.

Aliyemwokoa ni Wangechi, nahodha wa Gatongora, msichana mwenye mabega ya kuchomelea vyuma, ambayo ndiyo kazi yake. Alikuwa akingoja mechi ya maonyesho ianze na hakuwa na la kufanya, basi alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mwanachama aliyelifanya, yaani kukiangalia kijitabu. Alikuja nacho hadi kwenye kiti cha mzee.

"Guka, hapa uko na mikono mingapi?"

Gachau alitazama. Mikono yake miwili ilikuwa kifuani. Na kutoka ukingo wa picha, pale mkasi wa Ngigi ulipopita, mkono mwingine ulikuwa umeingia na mpira kiganjani.

"Mitatu," Wangechi alisema kwa sauti. Waliokuwa karibu wakafungua vijitabu vyao. Wakaanza kuhesabu, kisha wa nyuma yao wakahesabu, na uwanja mzima ukawa unasoma kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni shadow," Ngigi alisema, jasho likimtoka.

"Shadow iko na bangili?"

Mshereheshaji alishusha kipaza sauti pamoja na unyenyekevu wake, akaanza naye kuhesabu mikono. Gachau alisimama bila kipaza sauti. Hakukihitaji. Alitumia ile sauti ya zamani iliyokuwa ikifika hadi kiwandani.

"Huo mkono ni wa Syokau," alisema. "Syokau, kuja uchukue mpira wako."

Yule mama alimpa jirani mkoba amshikie. Alitembea hadi kwenye meza bila haraka, na Wangechi akampa mpira kwa mikono miwili. Syokau aliupima uzito, akaubonyeza, akakunja uso kidogo maana ulikuwa wa dukani. Gachau alienda upande wa pili wa meza, mahali pake. Aliinama akiwa tayari, miaka sabini magotini. Syokau akapiga. Mpira uligonga waya, ukaruka, ukampita Gachau kando ya sikio akiwa bado ananyanyua mkono, na kwenda kuviringika chini ya kiti cha mgeni wa heshima.

Hakuna aliyejua kama apige makofi au la. Walimtazama mzee. Gachau alijinyoosha, akatia mkono nyuma ya sikio kutafuta penseli ambayo haikuwepo tena, kisha akatangaza ili wote wasikie.

"Syokau, debe moja."